Hawala Iliyokwama Posta: Filamu za Kale Zilizosahauliwa na Nafasi Yake Katika Somo la Fasihi

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, tunapotaja fasihi ya Kiafrika darasani aghalabu huwa tunataja vitabu. Tunazo riwaya, tamthilia, diwani za mashairi na hadithi fupi. Kwa upande wa fasihi simulizi tunazo ngano, methali, vitendawili na nyimbo. Filamu hatuitaji, na tukiitaja huwa ni burudani ya kufungia muhula. Ni kweli kwamba filamu haimo katika orodha ya vitabu teule. Hata hivyo, wengi wetu huwapeleka wanafunzi kutazama maigizo ya vitabu hivyo hivyo, tukiamini, na kwa haki, kwamba anayeona tukio likitendeka hulielewa kuliko anayelisoma tu.

Makala haya yanakusudia kukuonyesha kuwa zipo filamu za zamani, za Afrika na za kwingineko, ambazo zina uzito wa riwaya bora lakini zilipotea machoni pa watu kwa miaka mingi. Hoja yetu kuu ni moja: kazi ya sanaa haisahauliki kwa kuwa ni dhaifu. Mara nyingi husahauliwa kwa kuwa njia za kuifikia zimezibwa. Ili hoja hii isielee hewani, tutachukua filamu moja, Mandabi, iliyoongozwa na Ousmane Sembène wa Senegal mwaka 1968, na kufuata safari yake. Tumeichagua kwa sababu maalum. Hadithi yake imo katika Kiswahili tangu mwaka 1980, na huenda iko katika kabati la shule yako bila wewe kujua kwamba ina ndugu yake katika sinema.

Mwandishi aliyetafuta wasomaji wake

Sembène alizaliwa mwaka 1923 mjini Ziguinchor, kusini mwa Senegal. Hakukaa shuleni kwa muda mrefu. Alifanya kazi za mikono, akatumikia jeshi la Ufaransa wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kisha akawa mpakuaji wa shehena katika bandari ya Marseille, ambako alishiriki katika harakati za vyama vya wafanyakazi. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1956. Mwaka 1960 alitoa riwaya iliyompatia sifa kubwa zaidi, ile inayosimulia mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar hadi Niger wa mwaka 1947 na 1948.

Hata hivyo, Sembène alikabiliwa na tatizo zito. Aliandika kwa Kifaransa, na watu aliowaandika, yaani makuli, wachuuzi, wake wa wafanyakazi na wazee wa mitaani, wengi wao hawakujua kusoma Kifaransa, na wengine hawakujua kusoma kabisa. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kusomewa kitabu chake kwa sauti barazani na kila mtu akaelewa. Sembène hakuwa na bahati hiyo. Basi akiwa anakaribia umri wa miaka 40 alikwenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu, kwa kuwa aliiona sinema kama shule ya jioni ya umma.

Ikumbukwe kwamba kabla ya uhuru, Mwafrika katika makoloni ya Ufaransa hakuwa huru kushika kamera. Mwaka 1934 ilitolewa amri, iliyokuja kujulikana kwa jina la Laval, iliyomtaka kila anayetaka kupiga filamu katika makoloni hayo apate kibali cha serikali kwanza. Ndiyo maana Paulin Soumanou Vieyra na wenzake walipotengeneza Afrique-sur-Seine mwaka 1955, waliitengenezea Paris badala ya nyumbani kwao.

Sembène aliporudi alitoa Borom Sarret mwaka 1963, filamu ya takribani dakika 20 kuhusu siku moja ya mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Mwaka 1966 akatoa La Noire de..., kuhusu msichana wa kazi aliyepelekwa Ufaransa na waajiri wake na kuishia kujiua. Filamu zote mbili zilisemwa kwa Kifaransa. Ilipofika zamu ya Mandabi, Sembène alichukua hatua kubwa: wahusika wake wazungumze Kiwolofu. Kwa kuwa sehemu ya fedha ilitoka Ufaransa, ilimbidi apige matoleo mawili, moja la Kifaransa na jingine la Kiwolofu. Lililodumu katika kumbukumbu ni la Kiwolofu.

Muhtasari na uhakiki wa Mandabi

Ibrahima Dieng ni mzee wa makamo mjini Dakar. Hana kazi, ana wake wawili, Méty na Aram, na watoto kadhaa. Siku moja tarishi analeta barua kutoka Paris. Mpwa wake Abdou, anayefagia barabara huko, ametuma hawala ya faranga 25,000. Kati ya hizo, 2,000 ni za Dieng, 3,000 ni za mama yake Abdou, na 20,000 ni za kumwekea Abdou mwenyewe. Kabla Dieng hajapata habari, wake zake wamekwisha kukopa mchele dukani. Kabla hajafika posta, majirani wamekwisha kuja kukopa.

Posta anaambiwa alete kitambulisho. Hana. Polisi wanamwambia kitambulisho hakitoki bila cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Kwenye ofisi ya mji anaulizwa alizaliwa tarehe ngapi. Hajui. Mpiga picha anachukua pesa na hatoi picha. Dieng akidai, anapigwa hadi anatokwa na damu puani. Mwishowe jamaa yake aliyesoma, Mbaye, anajitolea kumsaidia. Dieng anamwandikia hati ya uwakilishi, Mbaye anaichukua hawala, kisha anarudi na kudai kwamba ameibiwa. Dieng anabaki na gunia la mchele, fedha kidogo na deni la mtu mwingine.

Mtahiniwa akiulizwa kuhusu kinaya, mfano bora kuliko huu ni wa kutafuta kwa taa. Fedha zimekuja, na fedha hizo hizo ndizo zinazomfilisi aliyezipokea. Kila hatua anayopiga Dieng kuzikaribia inamgharimu: nauli, ada ya kusomewa barua, stempu, picha, vito vya mkewe vilivyowekwa rehani. Vilevile ipo tashtiti. Wanaomdharau Dieng maofisini si wakoloni. Ni Waafrika wenzake, vijana wa nchi iliyopata uhuru mwaka 1960, wanaozungumza Kifaransa ili mzee asielewe. Mbaye amevaa suti na anaendesha gari, nao wizi wake umeandikwa na kutiwa sahihi.

Hata hivyo Sembène hamfanyi Dieng kuwa malaika. Ni mtu wa majivuno. Anawafokea wake zake huku wao ndio wanaojua jinsi ya kupata chakula. Anakula hadi anacheua, na kila mara analipandisha bega la kanzu yake pana inayoporomoka. Kanzu hiyo ni ishara. Ni heshima ambayo mwenyewe anajitahidi kuishikilia mabegani, nayo haikai. Katika riwaya mwandishi angehitaji maelezo kulieleza jambo hili. Katika filamu, mkono unaopandisha kanzu mara kwa mara unatosha.

Angalia pia mwanzo wake. Filamu inafungua na kinyozi akimnyoa mtu chini ya mti, kamera ikiwa karibu sana, wembe ukiingia hadi puani. Hakuna anayesema lolote la maana. Ila mtazamaji amekwisha kuambiwa kwamba ataonyeshwa mtu aliyeketi kimya huku mwenzake akiwa na wembe. Hiyo ni taswira, na pia ni kidokezo cha yatakayokuja.

Hadithi moja, tanzu tatu

Hadithi ya Mandabi ilikuwa kitabu kabla ya kuwa filamu. Sembène aliiandika kama riwaya fupi katikati ya miaka ya 1960, na tafsiri yake ya Kiingereza ikachapishwa mwaka 1972 katika mfululizo wa waandishi wa Kiafrika wa Heinemann. Kisha mwaka 1980 Amandina Lihamba, mwigizaji, mwandishi na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaitoa kama tamthilia ya Kiswahili, Hawala ya Fedha, iliyochapishwa na Tanzania Publishing House.

Hapa, mwalimu, ndipo kwenye faida kubwa kwetu. Ni mara chache tunapata kisa kimoja katika riwaya, filamu na tamthilia, na moja kati ya hizo ikiwa katika Kiswahili. Ukitaka kumfundisha mwanafunzi tofauti za tanzu, usimpe orodha ya sifa akariri. Mwulize: msimulizi wa riwaya anapoondolewa, nani anatuambia mawazo ya Dieng? Jukwaani ni mazungumzo. Katika filamu ni uso, mkono na kimya. Barua ya Abdou inaposomwa posta, filamu inatuonyesha Abdou mwenyewe akifagia huko Paris. Barua imegeuka kuwa dirisha. Mtunzi wa tamthilia ana jukwaa moja na hana kamera ya kurukia Paris, yeye atafanyaje? Mwanafunzi anayejibu maswali haya amekwisha kuelewa ubunifu kuliko aliyekariri fasili kumi.

Ni nini kiliizuia isitufikie?

Mandabi ilionyeshwa katika tamasha la Venice mwaka huo huo wa 1968 na ikasifiwa. Iweje basi mwalimu wa Afrika Mashariki aisome hadithi yake lakini asiione picha yake? Zipo sababu tatu, na zinazihusu filamu nyingi za kale.

Sababu ya kwanza ni usambazaji. Kwa miaka mingi majumba ya sinema ya nchi zilizotawaliwa na Ufaransa Afrika Magharibi yalitegemea kampuni mbili za kigeni, COMACICO na SECMA, zilizoleta filamu za Ulaya, Marekani, India na Misri kwa bei ya chini. Filamu ya Mwafrika haikupata nafasi hata katika mji ilikopigwa. Serikali ya Upper Volta, yaani Burkina Faso ya sasa, ilipotaifisha majumba yake ya sinema mwaka 1970, ilikuwa inajaribu kuivunja minyororo hiyo. Huku kwetu nako, mabango ya sinema yalijaa majina ya Marekani, Uingereza na India, na baadaye Hong Kong.

Sababu ya pili ni lugha. Filamu ya Kiwolofu yenye maandishi ya Kifaransa chini ya picha ilikuwa imefungwa mara mbili kwa mtazamaji wa Kisumu au Tanga. Usidhani kwamba hapa kikwazo kilikuwa ugeni tu. Filamu za mapigano za Hong Kong nazo ni za kigeni, lakini katika vibanda vya video vya Kenya na Tanzania alitokea mtu mwenye kipaza sauti, akazisimulia kwa Kiswahili au Sheng juu ya sauti ya asili, akawapa wahusika majina na kutia utani wa mtaani. Huyo ni fanani kamili, na hadhira yake hushiriki kama hadhira ya ngano. Filamu iliyopata fanani ilifika kijijini. Mandabi haikumpata fanani wa kibandani. Ilimpata Lihamba, naye akaipitisha njia ya jukwaa.

Sababu ya tatu ni ukanda wenyewe. Kitabu kikichakaa, nakala nyingine ipo kwa jirani. Filamu ya zamani ilikuwa ukanda mzito uliopakwa kemikali, na ukanda huo huoza. Ule wa aina ya naitreti, uliotumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, hushika moto kwa urahisi. Uliofuata huanza kunuka siki, kukunjamana na kufifia ukiwekwa mahali penye joto na unyevu. Isitoshe, kanda za asili za filamu nyingi za Kiafrika zilibaki katika maabara za Ulaya zilikosafishwa. Kwa hivyo mtunzi alikuwa na hadithi, watu wake na lugha yake, ila ufunguo wa ghala ulikuwa mfukoni mwa mwingine.

Kufufuliwa kwa kanda

Janga hili si la Afrika pekee. Nchini Brazil, Mário Peixoto alitengeneza Limite mwaka 1931. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 nakala yake ilikuwa imeharibika kiasi cha kutoweza kuonyeshwa, na wapenzi wake wakachukua miaka mingi kuiokoa. Nchini Korea Kusini, Kim Ki-young alitoa Hanyo mwaka 1960, filamu ya kutisha kuhusu mtumishi wa nyumbani anayeisambaratisha familia ya mwajiri wake. Sehemu mbili za ukanda wake wa asili zilipotea. Nakala iliyopatikana baadaye yenye sehemu hizo ilikuwa imeandikwa tafsiri ya Kiingereza kwa mkono juu ya picha, nayo ikabidi ifutwe kwa kompyuta. Nchini Bangladesh, Ritwik Ghatak alitoa mwaka 1973 filamu ya mto Titas iliyotokana na riwaya ya Adwaita Mallabarman, mwana wa jamii ya wavuvi.

Filamu hizi tatu ni miongoni mwa zilizorekebishwa chini ya mradi ulioanzishwa mwaka 2007 na mwongozaji wa Marekani Martin Scorsese, kazi nyingi ikifanyiwa Bologna, Italia. Mradi huo huo ulirekebisha Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, filamu ya mwaka 1973 kuhusu vijana wawili wa Dakar wanaoota kwenda Paris. Mwaka 2017 ulianzishwa mpango wa urithi wa filamu za Afrika, kwa ushirikiano na shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika, FEPACI, na UNESCO, ukilenga kuteua na kuokoa filamu 50. Borom Sarret na La Noire de... nazo zimerekebishwa. Mandabi ilirekebishwa pia, na mwaka 2021 ikatolewa upya kwa diski Uingereza na Marekani, zaidi ya miaka 50 baada ya kuonyeshwa mara ya kwanza. Sembène, aliyefariki mwaka 2007, hakuiona siku hiyo.

Tuipongeze kazi hii, lakini tusiache kuuliza maswali. Mwenye fedha za kuokoa ndiye pia mwenye kauli ya nini kiokolewe. Filamu iliyorekebishwa ikirudi kwetu kwa bei ya diski ya Ulaya, bado hatujairudisha. Dieng alikuwa na hawala halali yenye jina lake, na bado hakuweza kuichukua kwa kukosa karatasi. Watazamaji wa Afrika wamekuwa katika foleni hiyo hiyo kuhusu filamu zao wenyewe.

Na zetu je?

Ukitaka ushahidi wa karibu, tazama Afrika Mashariki. Arusi ya Mariamu ilitengenezwa Tanzania mwaka 1985, kwa Kiswahili. Kolormask ya Sao Gamba ilitoka Kenya mwaka 1986, na Saikati ya Anne Mungai mwaka 1992. Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, ilikamilika mwaka 2001. Mmoja wa waigizaji wake wakuu ni Amandina Lihamba yule yule wa Hawala ya Fedha. Waulize wanafunzi wako ni wangapi wamewahi kusikia majina haya. Kisha jiulize mwenyewe. Kama filamu iliyozungumzwa kwa Kiswahili imetupita hivi, hatuwezi kuilaumu lugha ya Kiwolofu.

Mwalimu anaweza kuanza kidogo. Si lazima uonyeshe filamu nzima. Tafuta nakala halali, onyesha dakika kumi, simamisha picha, na uulize maswali yale yale unayoyauliza kuhusu kifungu cha riwaya: nani anazungumza, nani amenyamazishwa, kitu gani kinarudiwarudiwa na kwa nini. Pasipo na umeme wala runinga, anza na tamthilia. Gawa sehemu, wanafunzi waigize, kisha wawaze kamera ingewekwa wapi.

Hitimisho

Tumeona kwamba Mandabi haikusahauliwa kwa kukosa maudhui wala fani. Maudhui yake yangali hai: leo fedha hutumwa kwa simu, lakini mtahiniwa aliyewahi kurudishwa nyumbani akalete cheti cha kuzaliwa anamjua Ibrahima Dieng bila kutambulishwa. Iliyokosekana ni njia, na njia hujengwa na watu: mfasiri, mtunzi wa tamthilia, msimulizi wa kibandani, fundi wa kurekebisha kanda, na mwalimu. Lihamba alitimiza sehemu yake mwaka 1980. Itazame kabati ya vitabu ya shule yako kabla ya muhula kwisha.

Maswali ya kujadili

1. "Fedha zikiwa nyingi, matatizo huwa mengi zaidi." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea masaibu ya Ibrahima Dieng. (Alama 20)

2. Eleza jinsi filamu inavyoweza kuwasilisha kinaya bila kutumia maneno. (Alama 10)

3. Msimulizi wa filamu katika kibanda cha video ni fanani. Jadili. (Alama 10)

4. Chagua tukio moja katika tamthilia unayoisoma. Eleza ungelipigaje filamu, na ni nini kingepotea au kuongezeka. (Alama 20)